Nani Ameshika Faili Mama? Historia Fupi ya Mipangilio Inayorithiwa

Tarehe 15 Januari 2020 miradi mingi ya Java duniani iligoma kujengwa. Hakuna aliyekuwa amegusa msimbo. Jana yake mambo yalikuwa shwari, leo kompyuta inarudisha kosa namba 501. Sababu ilikuwa herufi moja tu. Maven Central, ghala kubwa ambako miradi ya Java huchukua maktaba zake, lilikuwa limetangaza mapema kwamba kuanzia siku hiyo halitajibu tena anwani zinazoanza na http. Ni https tu. Aliyekuwa na anwani ya zamani kwenye faili lake la mipangilio alikwama mpaka aongeze ile "s".

Kazi ya dakika moja, au siyo? Inategemea. Kama una mradi mmoja, ni dakika moja kweli. Kama una miradi 40 inayohusiana, na kila mmoja una nakala yake ya faili la mipangilio, una kazi ya wiki nzima, na bado kuna mradi mmoja mahali fulani utakaousahau. Lakini kama miradi yote 40 inarithi mipangilio kutoka faili moja, unasahihisha hapo, unatoa toleo jipya la faili hilo, halafu unaiambia miradi ihamie toleo hilo.

Makala haya ni historia ya uchaguzi huo: kunakili au kurithi. Usidhani ni mambo ya Marekani na Ulaya peke yake. Sehemu nzuri ya historia hii imeandikwa Eldoret, Kampala na Dar es Salaam, kwenye programu zinazobeba kumbukumbu za wagonjwa na takwimu za zahanati. Na kwa kuwa ni programu huria, mtu yeyote anaweza kuisoma, hata akiwa na kompyuta ya mkononi na bando la siku hapa Kihesa.

Kwanza, "kujenga" maana yake nini?

Msimbo anaouandika mtu bado si programu inayofanya kazi. Kati ya hapo kuna hatua. Kuna kutafuta maktaba ambazo msimbo unazitegemea, kutafsiri msimbo uende kwenye lugha ambayo mashine inaielewa, kufanya majaribio, na mwisho kufunga kila kitu kwenye kifurushi kimoja cha kupeleka kwenye seva au simu. Safari hiyo yote ndiyo tunaiita kujenga.

Faili la mipangilio ya ujenzi ndilo linaloeleza safari hiyo ipitie wapi. Tunatumia Java toleo gani? Maktaba zipi, na za matoleo gani? Zinapatikana ghala lipi? Majaribio yapi lazima yapite kabla ya kufunga? Ni faili dogo, mara nyingi ukurasa au kurasa mbili, na wengi wetu hatulisomi mpaka siku linapogoma.

Zamani hizo hatua zilifanywa kwa mkono. Mwaka 1976 katika maabara za Bell huko Marekani, Stuart Feldman alitengeneza programu iitwayo make. Mwenzake, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo kumbe ilikuwa imeshasahihishwa. Alichosahau ni kutafsiri upya faili moja baada ya kulirekebisha. Feldman akaona kazi ya kukumbuka "nini kimebadilika, nini kijengwe upya" apewe mashine. Unaandika kanuni kwenye faili linaloitwa Makefile, make inafuata.

Hiyo ilitosha kwa mradi mmoja. Shida ilikuja miradi ilipoanza kuzaa ndugu.

Ndugu wengi, kila mmoja na jiko lake

Mwaka 2000 wana-Java walipata chombo chao, Ant, kazi ya James Duncan Davidson. Alikitengeneza alipokuwa akihangaika kuifanya seva ya Tomcat ijengwe bila taabu kwenye mashine za aina tofauti. Kwa Ant unaandika hatua zako kwenye faili la build.xml: tengeneza folda hii, tafsiri msimbo ule, funga kifurushi hiki. Kilipendwa haraka, na kila mradi ukawa na build.xml yake.

Sasa angalia kilichofuata katika shirika la Apache. Kulikuwa na familia ya miradi iliyoitwa Jakarta Turbine. Kila mradi katika familia hiyo ulikuwa na faili lake la Ant, na mafaili hayo yalifanana karibu kila kitu, lakini si kila kitu. Huyu ameita folda ya msimbo "src", yule amepanga vingine. Hatua ya kusafisha kwa huyu inafuta vitu viwili, kwa yule vitatu. Maktaba zenyewe zilikuwa zinawekwa ndani ya kila mradi, nakala juu ya nakala. Anayehama mradi mmoja kwenda wa pili analazimika kujifunza upya namna ya kuujenga, ingawa ni ndugu wa tumbo moja.

Jason van Zyl na wenzake wakaamua kutafuta njia moja ya kueleza mradi wowote. Chombo hicho wakakiita Maven, neno la Kiyidi lenye maana ya mtu aliyekusanya maarifa. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2004, na la 2.0 Oktoba 2005. Katika Maven huandiki hatua moja moja. Unaeleza mradi wako ni nini na unategemea nini kwenye faili la pom.xml, basi, hatua zinajulikana.

Kitu kikubwa kwa makala yetu ni kwamba pom.xml inaweza kusema: mama yangu ni faili fulani, la toleo fulani. Yote yaliyo kwa mama yanarithiwa, na mtoto anaandika yale tu yanayomtofautisha. Mama anaweza hata kuweka orodha ya matoleo inayosema: mtoto yeyote akihitaji maktaba hii, achukue toleo hili. Mtoto anataja jina la maktaba tu, toleo analiamua mama. Na kila pom.xml duniani, hata isiyotaja mama yeyote, inarithi kutoka faili la msingi lililo ndani ya Maven yenyewe. Ndiyo sababu ile anwani ya http iliwakuta hata watu ambao hawakuwahi kuiandika: matoleo ya zamani ya Maven yalikuwa nayo ndani.

Ukitaka picha ya karibu, fikiria vitabu vya MTUHA kwenye zahanati. Kitabu cha wagonjwa wa nje cha Kilolo kina safu zilezile za kitabu cha Mbarali. Muuguzi hachori safu, anajaza tu. Kwa sababu hiyo wilaya inaweza kujumlisha, mkoa unaweza kujumlisha, na wizara inaweza kulinganisha. Kama kila zahanati ingechora kitabu chake kwa kunakili cha jirani, baada ya miaka mitano mmoja angekuwa na safu ya umri kwa miaka, mwingine kwa makundi, na wa tatu angekuwa ameisahau. Kunakili hakuharibu kitu siku ya kwanza. Kunaharibu taratibu, kila mmoja anaporekebisha nakala yake bila kumwambia mwenzake.

Kutoka Mosoriot hadi Eldoret

Mfano huo wa zahanati sikuuchagua kwa bahati. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, uliojengwa juu ya Microsoft Access kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mwaka huohuo ushirikiano huo ulizaa AMPATH, mpango wa kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI wenye makao yake Eldoret. Wagonjwa wakaongezeka kwa kasi kuliko uwezo wa mfumo ule.

Mwaka 2004 madaktari wawili wanaojua pia kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, waliliona tatizo hilo Eldoret, na wazo la OpenMRS likaanzia hapo. Februari 2006 mfumo huo ulianza kazi AMPATH. Mwaka huohuo ulifika Rwanda, kwa shirika la Partners In Health, na Afrika Kusini. Yaani ndani ya mwaka mmoja programu moja ilikuwa na nchi tatu zenye mahitaji tofauti.

Waliosanifu OpenMRS walijua hilo litatokea. Wakaigawa programu: kiini kimoja kwa wote, na moduli zinazoongezwa kadiri ya mahitaji. Hospitali inayotaka fomu za aina fulani inaongeza moduli ya fomu. Inayotaka ripoti inaongeza moduli ya ripoti. Kila moduli ni mradi wake, ina ghala lake la msimbo, ina watu wake, na inajengwa peke yake.

Hapo ndipo tatizo la Turbine lilipojirudia, safari hii kwetu. Siku za mwanzo OpenMRS ilijengwa kwa Ant. Aliyetaka kuandika moduli mpya alianza kwa kunakili moduli ya mfano, iliyoitwa basicmodule, pamoja na mafaili yake ya ujenzi. Ilikuwa njia nzuri ya kuanza. Unabadilisha majina, unaandika msimbo wako, unajenga, imekubali. Lakini kila nakala ilibaki ilivyokuwa siku iliyonakiliwa. Mfano ukiboreshwa kesho, moduli za jana hazipati habari.

Kwenye OpenMRS jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya namna moduli zinavyoishi. Baada ya kujengwa kila moja peke yake, zote zinapakiwa ndani ya seva moja na kufanya kazi pamoja na kiini. Ikiwa kiini kinatumia maktaba fulani toleo la tatu, na moduli imebeba nakala yake ya toleo la pili, zinaweza kugongana mgonjwa akiwa amekaa mbele ya daktari. Mradi mmoja mmoja ulijengwa vizuri, majaribio yakapita, lakini vikikutana havielewani. Kosa la namna hiyo ni gumu kulitafuta, maana halimo kwenye msimbo wa yeyote kati yao.

OpenMRS ikahamia Maven. Sasa moduli inaweza kusema wazi kwenye pom.xml yake: maktaba hizi nitazikuta kwa kiini, msinifungie nakala. Na ndani ya kila moduli kuna faili la config.xml linalotaja toleo la chini la kiini ambalo moduli inalihitaji, pamoja na moduli nyingine inazozitegemea. Seva ikiona masharti hayajatimia, inakataa kuiwasha moduli. Afadhali ikatae wakati wa kuwasha kuliko kukosea katikati ya kliniki.

Kila nchi na orodha yake

Lakini kurithi kutoka kwa kiini hakukumaliza kazi. Mtu wa hospitali hahitaji kujua moduli 30 na matoleo yake. Anataka kitu kimoja kinachofanya kazi. OpenMRS ikaja na wazo la mkusanyiko: faili fupi la maandishi, distro.properties, linaloorodhesha toleo la kiini na toleo la kila moduli. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni "hivi vyote tumevijaribu pamoja, vinaelewana."

Faili hilo linaonekana dogo, lakini liliipa kila nchi nafasi ya kujiamulia. Kenya ina KenyaEMR, mkusanyiko uliojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya vituo vyake. Uganda ina UgandaEMR. Yote miwili inatumia kiini kilekile, na moduli nyingi ni zilezile. Lakini Nairobi hailazimiki kuhama toleo siku ambayo Kampala imehama. Kila mmoja ana orodha yake, ana watu wake wa kuijaribu, na anasogeza mstari mmoja baada ya mwingine akiwa tayari.

Kwa maoni yangu hili ndilo fundisho kubwa la historia hii. Kushirikiana mipangilio si lazima kuwe kwa namna moja, kila kitu au hakuna. Kuna mambo ambayo familia nzima inapaswa kukubaliana, kama toleo la Java, maktaba za msingi na namna ya kufanya majaribio. Haya yanakaa kwa mama. Kuna mambo ambayo kila nyumba inaamua, kama moduli zipi na lini tuhame. Haya yanakaa kwenye orodha ya nyumba. Ugomvi mwingi wa mipangilio hutokea pale jambo la nyumba linapowekwa kwa mama, au jambo la familia linapoachwa kila nyumba ijitegemee.

Dar es Salaam na kifurushi cha desturi

Upande wa takwimu kuna ndugu mwingine, DHIS2. Mizizi yake ni mradi wa HISP ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, baada ya ubaguzi wa rangi, wakati nchi hiyo ilikuwa inajaribu kuunganisha takwimu za afya zilizotenganishwa kwa rangi na kwa eneo. Toleo la kwanza la DHIS lilikaa juu ya Microsoft Access, kama ule mfumo wa Mosoriot. DHIS2, iliyoandikwa upya kwa Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, ilitoka 2006 na kutumika kwanza Kerala, India. Mwaka 2011 Kenya iliisambaza nchi nzima kwa njia ya intaneti. Tanzania nayo iliichukua, huku HISP Tanzania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikiwa kati ya waliofanya kazi hiyo. Zile jumla za vitabu vya MTUHA tulizozisema sasa zinaingizwa humo.

Upande wa seva, DHIS2 ni mradi wa Maven wenye moduli nyingi ndani ya ghala moja, chini ya pom.xml mama. Lakini kurasa anazoziona mtumiaji ni programu ndogondogo nyingi za JavaScript, kila moja na ghala lake. Hapo pom.xml haifiki. Na JavaScript ya siku hizi, wee acha tu, mradi mmoja unaweza kuwa na mafaili matano au sita ya mipangilio: la kukagua makosa, la kupanga mwonekano wa msimbo, la majaribio, la kufunga kifurushi.

Wajenzi wa DHIS2 walichagua njia ya tatu, ambayo si kunakili wala si mama kwa mtindo wa Maven. Waliyaweka mapatano yao ya mtindo ndani ya kifurushi kinachoitwa cli-style, kinachopakuliwa kama maktaba nyingine yoyote. Ndani ya kila programu ndogo linabaki faili fupi la mistari michache linalosema: chukua mipangilio kutoka kwenye kile kifurushi. Ukiwa na sababu ya kutofautiana, unaongeza mstari wako chini yake. Uzuri wake ni kwamba tofauti inaonekana. Anayefungua faili lenye mistari mitatu anaona mara moja kwamba mstari wa tatu ni wa hapa kwetu, na anaweza kuuliza kwa nini. Kwenye nakala ya mistari 80, tofauti hiyo imezama.

OpenMRS toleo la tatu, ambalo uso wake nao ni JavaScript, ilifuata njia inayofanana. Mipangilio ya kawaida ya kufunga vifurushi imo ndani ya kifurushi kiitwacho openmrs, na programu nyingi ndogo zina mstari mmoja tu wa kuichukua. Zaidi ya hapo, programu zinazohusiana sana, kama zile za jalada la mgonjwa, zimewekwa pamoja katika ghala moja ili mabadiliko ya mipangilio na ya msimbo yaende kwa mkupuo mmoja.

Bei ya kurithi

Mpaka hapa unaweza kudhani kurithi ni kuzuri siku zote. Hapana. Kuna bei, na kwetu huwa ni kubwa kuliko kwa wenzetu.

Bei ya kwanza ni intaneti. Faili mama linakaa kwenye seva ya mbali. Mradi mpya wa Maven ukijengwa mara ya kwanza, hupakua mama, mama wa mama, maktaba, na maktaba za maktaba. Kumbuka Maven 2 ilitoka 2005, na mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Katikati ya hapo, vyuo vya mikoani vilitegemea zaidi setilaiti, ghali na taratibu. Waliobuni kurithi kwa njia ya mtandao walikuwa na mtandao. Dawa ipo: Maven huweka kila ilichopakua kwenye folda ya .m2, unaweza kuibeba folda hiyo kwa flashi kwenda mashine nyingine na kujenga bila mtandao. Chuo au ofisi inaweza pia kuweka ghala lake la karibu, likapakua mara moja na kugawia kila mtu. Lakini ni lazima mtu aipange dawa hiyo. Haiji yenyewe.

Bei ya pili ni kwamba kosa la mama ni kosa la wote. Machi 2016 mwandishi mmoja wa JavaScript aliondoa vifurushi vyake kwenye ghala la npm baada ya mvutano kuhusu jina. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi maelfu ilianguka, ikiwemo mikubwa, kwa sababu ilikitegemea, mara nyingi bila kujua. Ghala likalazimika kukirudisha.

Bei ya tatu haizungumzwi sana: nani ana ruhusa ya kubadilisha faili mama? Akiamua kwamba kuanzia sasa tunatumia Java mpya, kila mtoto lazima afuate au abaki nyuma. Kwa mtu mwenye seva mpya ni habari njema. Kwa kituo chenye kompyuta ya miaka kumi inayofanya kazi, huo ni mzigo. Faili mama ni maandishi ya kitaalamu, lakini uamuzi ulio ndani yake ni wa watu, na asiyekuwepo kwenye mazungumzo ataukuta umeshafanyika.

Basi turudi kunakili? Desemba 2021 ilijibu swali hilo. Siku hizo dunia iligundua shimo kubwa la usalama kwenye Log4j 2, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio. Aliyejua kulitumia angeweza kuendesha amri zake ndani ya seva ya mtu mwingine. Kila timu ya Java iliulizwa swali moja: mnatumia Log4j, na ni toleo gani? Aliyekuwa na matoleo kwenye faili moja alijibu haraka na kubadilisha mstari mmoja. Aliyekuwa na nakala alianza kupekua mradi kwa mradi, usiku na mchana. Kwa mfumo wa duka huo ni usumbufu. Kwa mfumo wenye majina ya watu na hali zao za VVU, kila siku ya kupekua ni siku ya hatari kwa watu ambao hawajui hata kama Log4j ipo.

Kinachosaidia ni kurithi kwa kufunga toleo. Mtoto haandiki "nipe mama wa leo, vyovyote alivyo." Anaandika "nipe mama, toleo la 4." Mama akitoa la 5, mtoto anabaki salama kwenye la 4 mpaka mtu ajaribu, aridhike, na kusogeza namba. Kosa la mama haliwafikii wote siku moja. Lakini lazima awepo huyo mtu wa kusogeza namba. Mtoto asiyesogezwa miaka mitatu hana tofauti na nakala.

Kihesa, 2007, na sisi

Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Tumaini, tawi la Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Wazo la programu hiyo, ambalo Matti Tedre na wenzake waliliandikia makala za kitaaluma, lilikuwa kwamba mtaala wa kompyuta hauwezi kuletwa mzima kutoka nje na kubandikwa. Lazima uanze na mazingira ya mwanafunzi: umeme wake, mtandao wake, matatizo ya mji wake.

Ukiusoma mtaala kama faili la mipangilio, swali ni lilelile. Kuna mambo ya kurithi kutoka familia ya wanasayansi wa kompyuta duniani, maana hesabu za Iringa ni hesabu za Helsinki. Na kuna mistari ya nyumbani ambayo haiandikwi na mtu wa mbali. Wale walioanza 2007 walikuwa wanagawa mistari hiyo miwili, wiki kwa wiki, darasani.

Sisi tunaokuja baada yao tunakutana na jambo hilo kila tunapoanza mradi wa pili unaofanana na wa kwanza. Mfumo wa maktaba ya shule hii, halafu ya shule ile. Duka la dawa la hapa, halafu la kule Ipogolo. Njia ya haraka ni kunakili folda nzima na kubadilisha jina. Kwa miradi miwili, nakili tu, huna haja ya kujenga mashine ya kurithi kwa ajili ya watoto wawili. Ukifika mradi wa tatu, simama. Linganisha mafaili ya mipangilio ya ile miwili, mstari kwa mstari. Yaliyobaki sawa ni ya familia, yatoe uyaweke mahali pamoja, uyape namba ya toleo. Yaliyotofautiana yana hadithi, na ukiweza iandike pembeni ya mstari kwa sentensi moja: kwa nini hapa ni tofauti. Na hakikisha zaidi ya mtu mmoja ana ruhusa na ujuzi wa kulibadilisha faili mama. Mtu mmoja akipata kazi Dodoma na akaondoka na nenosiri, familia nzima imekwama.

Ukitaka kuiona historia hii kwa macho yako, pakua msimbo wa kiini cha OpenMRS, ingia kwenye folda yake, na andika git log pom.xml. Utaona mabadiliko ya miaka mingi, moja chini ya jingine: nani aliongeza maktaba, nani alipandisha toleo, siku gani, na kwa maneno gani. Soma kutoka chini kwenda juu. Kisha tazama majina, uhesabu ni mangapi yanatoka upande wetu wa dunia. Orodha hiyo haijafungwa, na mabadiliko yanayofuata yanaweza kutumwa kutoka popote penye mtandao, hapa Kihesa pakiwemo.